Mchonga Mawe na Jitu la Mlimani

Mwalimu Fiammetta Lanzafame alifika kwenye karakana ya mawe Jumanne baada ya Pasaka, amevaa viatu vyeupe, akavuka uwanja wa vumbi jeusi bila kujali anakanyaga wapi. Venerando Pulvirenti alimwona akiwa bado langoni, akazima msumeno. Alidhani amekuja kuagiza kaburi. Wanawake waliovaa vizuri, wanaokuja peke yao asubuhi, mara nyingi hufuata makaburi.

Kumbe alikuwa amefuata sauti. Ijumaa Kuu alisimama kando ya barabara wakati waombolezaji wa kanisa walipopita wakiimba, nyuso zimefunikwa kwa vitambaa vyeupe kama ilivyo desturi, na katikati yao akasikia sauti ya nne moja iliyotoka chini kabisa, kama mtu anayeburuta kasha zito kwenye sakafu ya mawe. Aliwafuata mpaka mlango wa kanisa, wakapotezana kwenye umati. Siku tatu aliuliza huku na huku mpaka akaelekezwa: huyo ni Venerando, wa barabara ya stesheni.

Alieleza shida yake akiwa amesimama. Alikuwa mzaliwa wa Acireale, sasa akifundisha muziki Catania, na katika makaratasi ya familia moja ya kikabaila alikuwa ameokota opera ya wachungaji yenye umri wa miaka mia tatu, ambayo tangu iimbwe mara ya kwanza hakuna aliyeigusa. Alitaka iimbwe tena mwezi wa saba, katika bustani ileile ya milimau ilikoimbwa zamani, na wenyeji wenyewe ndio wawe wachungaji.

"Hadithi ni ile yetu," alisema.

Ile yetu ni ya Aci, mchungaji ambaye nusu ya miji ya pwani ile imebeba jina lake. Mtoto wa pale huijua kabla hajaweza kufunga kamba za viatu. Aci alipendana na Galatea, binti wa baharini. Polifemo, jitu la mlimani, nalo likampenda Galatea, na Galatea akalicheka. Siku moja jitu likawafumania, likang'oa jabali, likamponda Aci, na damu ya kijana ikageuka chemchemi.

"Na mimi niwe nani?" Venerando aliuliza, ingawa alishajua.

"Polifemo."

Alivua miwani ya kazi, akamtazama. Jitu lile lilikuwa na jicho moja tu. Venerando naye alikuwa nalo moja. La kushoto lilikuwa la kioo, kazi ya fundi hodari, rangi imelingana na lenzake hata mgeni asiweze kutofautisha. Alilipoteza akiwa na miaka ishirini na sita, kibanzi cha jiwe kiliporuka chini ya nyundo. Kwa miaka ishirini na tisa mji ulimwita Chongo, si mbele yake, lakini mji wenyewe ni mdogo na madirisha huwa wazi. Basi alisimama pale akisubiri aone mwalimu atamtazama wapi. Mwalimu alimtazama usoni kote, kama watu wanavyotazama uso, akamwambia hakuna haraka, afikiri kwanza.

Wiki ile kazi haikumkalia. Alianza kuchonga kizingiti cha nyumba ya daktari, akakiacha. Akaanza sinki la mtu wa Giarre, akaliacha. Akapanda kigari chake cha magurudumu matatu, akateremka mpaka Santa Tecla kuangalia bahari ambayo hakuwa na haja nayo, akarudi. Tangu ujanani alikuwa mtu wa kusukwasukwa namna hiyo, na Sarina, mkewe, aliyekuwa na kiduka cha vifungo na nyuzi chini ya nyumba yao, alizoea kumsikia akipanda na kushuka ngazi kama aliyesahau kitu na hajui ni kitu gani.

"Vené, unataka nikwambie uende, au nikwambie usiende?" alimuuliza.

"Nataka uniambie kama yule mwanamke anajua."

"Habari ya jicho?"

"Habari ya jicho."

"Kama hajui, basi ni yeye peke yake kutoka Messina mpaka Siracusa. Na kama anajua, ana adabu kuliko wanaokuja dukani kwangu."

Habari ilifika mkahawani kabla yake. Muuza samaki mmoja alisema mwalimu ni mwanamke mwenye akili, amepata jitu lililokwisha tengenezwa, hana haja ya gharama za kinyago. Watu wakacheka, na Venerando akacheka nao, tena akawa wa kwanza kumaliza kucheka, ufundi aliojifunza zamani. Aliacha kahawa yake nusu kikombe akatoka.

Ijumaa alimpigia mwalimu simu akiwa amesimama katikati ya barabara, magari yakimpigia honi, akamwambia atakuja. Sababu hakujieleza hata yeye mwenyewe. Labda ni kwamba kwa miaka thelathini alikuwa ameimba ndani ya kitambaa cheupe chenye matundu mawili, sawa na wenzake, hakuna wa kujua ni nani, na sasa alitaka aone itakuwaje.

Nota hakujua hata moja. Mwalimu alimwimbia na kumrekodia mistari yote kwenye simu, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wake, naye akaitia simu mfuko wa shati, akaziba sikio moja, akaimba juu ya kelele za msumeno kuanzia asubuhi hadi jioni. Kufikia katikati ya mwezi wa tano alikuwa ameimeza yote. Cirino Fichera, kaka yake Sarina na mshirika wake wa karakana, mtu mwembamba mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alisema kwamba tangu jitu lianze kuimba, paka wa jirani amehamia Catania.

Cirino naye alipewa kazi. Mwalimu alimwomba atengeneze jabali. Cirino alishangaa, akauliza kwa nini asichukue jabali la kweli, Venerando ana mabega ya kulinyanyua. Mwalimu akamjibu kwamba chini ya jabali hilo kutakuwa na mtu. Basi Cirino akasuka waya, akavika magunia, akapaka gundi, akanyunyizia majivu meusi ya Mlima, ule wa volkano ulio juu ya mji, na alipomaliza, kitu chenye uzito wa mto wa kulalia kilionekana kama kinaweza kuvunja mgongo wa ng'ombe.

Mazoezi yalifanyika jioni, bustanini, kati ya kuta za mawe meusi na birika kubwa la maji. Kwaya ya wachungaji ilikuwa watu wa duka la mkate, wa posta na wa duka la dawa: wale wale wa kila siku, wameshika fimbo. Galatea alitoka Ragusa. Aci aliimbwa na mwanamke wa Catania, Ludovica Testaì, kwa kuwa enzi zile vijana wa kuchunga waliandikiwa sauti za juu, na siku hizi wenye sauti hizo ni wanawake. Ludovica alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane, mcheshi, ambaye katikati ya mazoezi alichuma limau mtini, akalikata, akalitia chumvi, akalila kama tunda la kawaida.

Venerando alifika kabla ya wote na hakukaa hata mara moja. Wenzake walipoketi kwenye ukingo wa birika kusubiri zamu zao, yeye alitembea kati ya miti, akigusa mawe ya ukuta, akisahihisha kwa mkono lile lililolegea. Alipoimba, alitulia. Wote waliliona hilo. Lakini kuimba ilikuwa dakika chache, na kusubiri kulikuwa kwingi.

Shida ilikuwa upande wa kushoto. Mwalimu aliongoza akiwa kwenye kinanda cha nyuzi, na kinanda kiliwekwa kushoto kwa jukwaa, chini ya turubai. Venerando hakumwona. Kila mara ilimbidi ageuze kichwa kizima kama kuku, na alipogeuza alikuwa amechelewa. Aliangusha chungu cha maua. Alimkanyaga Galatea. Jioni ya tatu alimkanyaga Ludovica pia, na mwalimu, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akaacha kupiga.

"Venerando, nakupungia mkono huku kushoto muda wote. Huoni?"

Wachungaji wote wakakuta kitu cha kutazama chini. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, hakuelewa, mpaka mama wa duka la mkate alipomsogelea akamnong'oneza sikioni. Uso wa mwalimu ukabadilika rangi. Alisema waende kwenye tukio la jabali, wapumzishe nyimbo kidogo.

Venerando alilinyanyua jabali la Cirino juu ya kichwa kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na kabla ya kulirusha akapiga ukelele: "Macho!"

Ndivyo wachonga mawe wanavyopiga kelele kabla ya nyundo kushuka au jiwe kuanguka, ili aliye karibu ajikinge. Wachungaji waliangua kicheko, kwa nafuu zaidi kuliko kwa furaha. Ludovica naye alicheka akiwa chini. Mwalimu akasema kwa upole kwamba Polifemo ameamua kuua, na muuaji hampi mtu taarifa. Wakarudia. "Macho!" Wakarudia tena. Mara nne walirudia, na mara nne neno lilimtoka kabla hajaweza kufunga mdomo. Cirino alikuwa ameketi juu ya ukuta, amekuja kuona kazi yake. Mara ya nne aliteremka, akaizima sigara kwa kiatu, akaondoka bila kuaga mtu.

Kesho yake mwalimu alimsubiri Venerando langoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwomba radhi, akasema hakujua, hakuna aliyemwambia, na Venerando alimwamini. Kama angeishia hapo mambo yangekwisha. Lakini aliendelea. Alisema amefikiri sana. Kinyago alichokuwa ameagiza, chenye jicho kubwa kwenye paji la uso, hakitakiwi tena. Je, ingekuwaje kama Venerando, mwishoni kabisa, mbele ya watu, angelitoa jicho lile la kioo, akasimama hivyo alivyo?

"Watu wangeona ukweli," alisema.

"Ukweli gani, mwalimu?"

"Wa lile jitu."

"Wa lile jitu," Venerando alirudia, kama anayeonja kitu aone kama kimechacha. Kisha akaegemeza fimbo yake ukutani, akapanda kigari chake, akaenda.

Siku nane zilizofuata hakuna mahali palipomweka. Alikwenda Zafferana kuuliza bei ya mawe aliyonayo tele. Alikwenda Linguaglossa, akala jibini na mkate akiwa amesimama dukani, akageuza. Mlima ulikuwa unatoa moshi mweupe mwembamba, na aliutazama kila alipoinua kichwa, kana kwamba utamjibu. Sarina alimwambia atulie, hata mti husimama mahali pamoja. Alimjibu kwamba mti haujaombwa ujivue mbele ya watu. Sarina alirudi kwenye vifungo vyake. Mama yake alipomuuliza zamani zile kwa nini anaolewa na chongo, alikuwa amejibu kwamba yeye haoni chongo, anaona kengeza kidogo, na tangu hapo hakupenda mazungumzo ya jicho yarefuke.

Kilichomsumbua Venerando zaidi ni kwamba nyimbo hazikumtoka kichwani. Alikuwa ameacha opera, lakini opera haikuwa imemwacha. Mdomo ulianza wenyewe, msumenoni, njiani, akinyoa ndevu.

Jumapili adhuhuri, mji mzima ukiwa mezani, Cirino alimkuta karakanani akichonga ngazi.

"Nani kakuagiza hizo?"

"Hakuna."

Cirino alipindua kasha, akalikalia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa mzaha. Alitazama mikono yake muda, kisha akasema, "Siku ile nilipiga bila kusema."

Venerando alipiga patasi mara mbili tatu zaidi, halafu akaiweka chini.

"Nilimwambia baba yako kwamba nilisema 'Macho'," Cirino aliendelea. "Nikamwambia daktari. Nikamwambia Sarina. Nimesema mara nyingi mpaka siku nyingine najisikia kabisa nikilitamka. Lakini sikulitamka."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nilikuwepo, shemeji. Kilichoharibika ni jicho. Masikio yalikuwa mazima."

Cirino aliuliza kwa nini basi, hospitalini, mbele ya wazee wote, alithibitisha kwamba ameonywa na akazembea mwenyewe. Venerando alimweleza, akitembea kati ya meza mbili za kazi. Mwaka ule alikuwa anamtaka Sarina. Angesema kweli, baba yake angekwenda kwa akina Fichera na fimbo, na mlango ule usingefunguka tena. Alimtaka Sarina kuliko alivyoitaka kweli. Halafu miaka ikapita juu ya jambo lile kama nyumba inavyojengwa juu ya jiwe, na nani abomoe nyumba akatafute jiwe?

"Lakini umepiga ukelele ule kila siku," Cirino alisema. "Hata ukiwa peke yako uani. Miaka ishirini na tisa nausikia, na kila mara nadhani unanipigia mimi."

Venerando alifikiri kwanza. Hakutaka kumdanganya tena.

"Mwanzoni, ndiyo. Baadaye ukawa mdomo tu."

Cirino alifuta pua kwa mkono wa shati. Cirino alikaa, Venerando akazunguka, na baadaye Cirino akauliza kama kuna kitu cha kula mle ndani. Kulikuwa na mkate na zeituni. Wakala. Kwenye zeituni za mwisho Cirino akamwambia kwamba mwalimu ameleta Polifemo mwingine, mwalimu wa shule kutoka Messina, anayevaa kile kinyago, na jicho lake la katikati linafanana na yai la kukaanga.

"Anaimbaje?"

"Vizuri. Watu wanacheka sana."

Neno hilo la pili halikumpa usingizi. Jumatatu jioni alisimama nyuma ya ukuta wa bustani, upande wa barabara, mahali ambapo asingeonekana. Walikuwa wamefika kwenye wimbo ambao jitu linamposa Galatea. Linamtajia mali yake: kondoo wasiohesabika, jibini, mapango yenye baridi wakati wa jua kali. Linamwambia kwamba asubuhi hiyo limechana nywele kwa reki, likajitazama kwenye maji, likajiona si baya kiasi hicho. Mtu wa Messina aliimba vizuri kweli. Lakini kwenye reki alivuta sauti kama punda, na kwenye maji akapiga chafya, na wachungaji wakavunjika mbavu.

Venerando alikumbuka jambo ambalo hakuwa amelikumbuka kwa muda mrefu. Miezi mitatu baada ya ajali alikwenda kwa akina Fichera kumwona Sarina, na kipande cha pamba bado kimebandikwa jichoni. Nywele alikuwa amezilowesha na kuzichana mara nne, mbele ya kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo cha nyumbani hakutaka kukitazama. Alisimama mlangoni kwao, maji yakimtiririka shingoni.

Alizunguka ukuta akaingia kwa lango. Muziki ulikatika wenyewe.

"Hapo hakuna kichekesho," alimwambia mwalimu. Hakupaza sauti, lakini sauti ile haikuhitaji kupazwa. "Huyu mtu amechana nywele. Ametoka kwake asubuhi amechana nywele, anakwenda kumwona mwanamke. Mnacheka nini?"

Mtu wa Messina alivua kinyago, akasema kwamba yeye ana mitihani ya wanafunzi mia na ishirini ya kusahihisha, alikuwa amekuja kwa hisani tu, na kwamba jasho linamwingia macho yote matatu. Akamkabidhi mwalimu kinyago kama anayerudisha sahani ya jirani.

Venerando alitaja masharti yake. Jicho litabaki lilipo. Kinyago hakivai. Kinanda kihamie kulia. Mwalimu alianza kusema kwamba alikosea, kwamba alikuwa amelewa na wazo lake mwenyewe. Venerando akamwambia hayo watayaongea, kwanza wahamishe kinanda kabla giza halijaingia. Watu sita walikibeba, na Venerando akabeba pembe moja peke yake.

Kuhusu ule ukelele hakuna aliyeugusa tena. Katika wiki mbili zilizobaki alijifunza kuumeza. Alipolinyanyua jabali alibana meno mpaka mashavu yakatetemeka, na mwalimu alisema sura hiyo inatosha, ndiyo sura ya mtu anayeua. Yeye mwenyewe kila alipofika nyumbani alipanda na kushuka ngazi hadi usiku.

Usiku wa kwanza haukuwa usiku, walianza jua likiwa bado kwenye ncha za milimau. Mji ulikuja wote. Muuza samaki alikaa safu ya pili. Venerando alipotokea na uso wake mwenyewe, na suti yake mwenyewe nyeusi, watu wachache walianza kuguna na kutekenyana. Aliimba wimbo wa kuposa akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, taratibu, kama mtu anayetaja alicho nacho na anajua ni kidogo. Kwenye reki mtu mmoja alicheka, akajikuta peke yake. Sarina, safu ya tano, alikuwa anatazama pete yake akiizungusha. Wimbo ulipokwisha hapakuwa na makofi mara moja, na Venerando alidhani ameharibu.

Kisha jabali. Alibana meno, akalirusha. Ludovica alianguka chini yake kama gunia, vizuri kuliko siku zote, mkono mmoja umejikunja vibaya chini ya mwili. Kinanda kikaanza maombolezo ya Galatea. Hapo Polifemo alitakiwa kutoka kwa upande wa kulia.

Hakutoka. Alitazama mkono ule uliojikunja. Alikuwa amerusha bila kusema. Alijua ni waya na magunia, alilishika mwenyewe kila siku, lakini kujua kulikuwa kichwani na hofu ilikuwa miguuni, na miguu ilimpeleka. Alivuka jukwaa lote wakati Galatea akiimba, akapiga magoti kando ya maiti, akaweka kiganja mgongoni aone kama kunapanda na kushuka.

"Umeumia?" alinong'ona.

"Ondoka," maiti ilijibu chini chini. "Nimekufa."

"Mkono?"

"Mzima. Ondoka, Venerando."

Lakini magoti hayakunyanyuka. Alibaki pale, kiganja kikiwa mgongoni mwa Ludovica, kichwa kimeinama, mpaka wimbo wote ukaisha. Mwalimu alipiga kinanda akimtazama yeye, na kwa kuwa sasa kinanda kilikuwa kulia, Venerando alimwona vizuri: alikuwa analia na hakosei hata nota moja.

Walishangiliwa muda mrefu. Nyuma ya milimau Venerando alizunguka akiomba radhi kwa kila aliyekutana naye, kwa kuharibu. Ludovica alimwonyesha mkono, akaukunja na kuukunjua mara kumi mpaka Venerando akaridhika. Cirino alikuja, akasimama kando yake kulia, akamwambia jabali lilionekana zito. Hilo tu.

Siku ya pili gazeti la Catania lilisifu wazo la kishujaa la mwalimu Lanzafame, la kumpigisha muuaji magoti kando ya aliyemuua. Mwalimu alimsomea Venerando kwa simu, akacheka, akamwomba arudie jioni. Alirudia. Alivuka jukwaa, akapiga magoti, akaweka kiganja. Haikuwa kitu kile. Safari hii alijua tangu mwanzo kwamba msichana ni mzima, na watu nao walijua kwamba atapiga magoti. Baadaye alimwambia mwalimu kwamba kama kuna mara ya tatu, atatoka kwa kulia kama ilivyoandikwa.

Mara ya tatu haikuwepo. Jumamosi Mlima ulifunguka, na majivu yakanyesha tangu adhuhuri, meusi, mazito, yakafunika viti na kinanda na malimau yenyewe. Watu walitembea na miamvuli. Wachungaji walikuja na mafagio badala ya fimbo, wakafagia mpaka jioni, wakaona haina maana. Mwalimu aliketi kwenye ukingo wa birika na majivu nyweleni akasema basi, imetosha.

Venerando alimaliza kizingiti cha daktari mwezi wa nane na sinki la Giarre mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi mwalimu alimpigia simu kutoka Noto, walikuwa wanahitaji mvushaji wa roho za wafu kwa opera nyingine ya zamani. Akaenda. Mkahawani walianza kumwita Mwimbaji, kwa dhihaka kwanza, kisha kwa mazoea, na wengine waliendelea na lile jina la zamani. Sarina alilalamika kwamba aliolewa na mwanamume mmoja, sasa anawapigia pasi mashati wawili watatu.

Venerando alichoka kuimbiwa kwenye simu kama kasuku. Majira ya baridi alikwenda kwa mama mzee anayepiga kinanda cha kanisa, akamwomba amfundishe nota, yeye mtu wa miaka hamsini na mitano. Mama alikubali, Jumatatu na Alhamisi. Somo la kwanza Venerando aliinuka kitini mara saba. La pili mama alichoka kumwamuru akae, akachukua kitabu, akamshika mkono, wakatembea kwenye ujia wa nyumba yake, huku na huku, jikoni mpaka mlangoni, wakisoma. Kufikia Krismasi walikuwa wamefika ukurasa wa kumi na mbili.